Kula ya oili, na ilivyotaka kuila injini yangu

Kwanza niwatoe wasiwasi, kula ninayoisema hapa si ya mdomo. Ni ile redieta ndogo ya kupoza oili ya injini, mafundi wetu wanaiita kula ya oili, na kila nikiitaja nyumbani Mombasa mamangu anadhani gari imeanza kula oili, na simlaumu, maana mtu yeyote aliyewahi kuishi na mtoto mwenye Subaru habari za gari kula oili anazijua kuliko hata fundi mwenyewe.

Gari yangu ni Impreza WRX STI ya 2008, chesisi GRB, ile isiyo na buti ya kutokeza nyuma, imetoka Japani na injini ya EJ207, lita mbili, turbo, farasi 308 za kiwandani. Mimi ni mkono wa tatu. Wawili walionitangulia sijui waliifanyia nini na nimeamua kutowaza sana hilo jambo.

Siku ya kwanza kuipeleka trek, yaani uwanja wa mbio za magari, Whistling Morans kule Athi River, sikuwa na geji hata moja ya oili. Dashibodi inakupa habari za maji, oili haikwambii kitu mpaka ile taa nyekundu ya presha iwake, na ikishawaka ukiwa umekanyaga mpaka chini wewe piga simu ya bredauni tu. Nikazunguka zangu, mshale wa maji umetulia katikati kama mzee wa baraza, nikajiambia gari iko sawa kabisa. Nilipotoka nikafungua boneti nikanusa. Kama umewahi kuacha mafuta ya mahamri jikoni ukaenda kupokea simu, harufu ndiyo hiyo.

Mshale wa maji haukuwa unadanganya, ulikuwa unasema habari zake tu. Maji yana themostati, yana redieta kubwa na mafeni mawili, kwa hiyo yanarudi palepale kwenye tisini na kitu hata ukikanyaga vipi. Oili haina bahati hiyo. Inapita kwenye turbo ambayo upande wa ekzosi inaweza kuwa nyekundu, inarushwa chini ya pistoni, inabanwa kwenye beringi za krenki zenye nafasi nyembamba kuliko unywele, na juu ya hayo yote uwezo wake wa kubeba joto ni karibu nusu ya ule wa maji, kilo kwa kilo. Halafu kwenye STI zima iko lita nne na kidogo tu. Yaani lita nne zinafanya kazi ya kijiji kizima.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanaruka hatua, na mimi niliruka pia. Nikaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya wenye Subaru nikauliza ninunue kula gani. Ndani ya dakika kumi nina majibu arobaini. Mmoja anasema safu 34, yaani idadi ya njia za oili zilizopangwa ndani ya kula, mwingine anasema 25, mwingine ananitumia picha ya kula kubwa kama trei ya kuuzia mayai, mwingine anasema achana na hayo mambo weka oili nzito tu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza oili yangu inafika digrii ngapi. Na angeniuliza ningesema nini, sikuwa najua.

Aliyeuliza ni fundi wangu. Mzee wa Kisauni, yuko Industrial Area miaka mingi na bado anaongea kama ameshuka feri ya Likoni jana. Nimemweleza mipango yangu yote, safu 34, hosi za kusukwa kwa waya, bampa tunakata hapa na hapa, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Mwanangu, huyo mgonjwa umempima homa?"

Tukaweka geji kwanza. Niliagiza geji mbili za Defi, ya joto na ya presha, na nikajifunza kitu ambacho sikukiona kwenye yale majibu arobaini: mahali unapoichomeka sensa ndipo panapoamua ukweli utakaouona. Ukiiweka baada ya kula utasoma oili iliyokwisha kupozwa, geji inakuonyesha 95, unaenda kulala na furaha zako, kumbe oili inayotoka kwenye injini ina 120. Ya kwangu iko kwenye sandwichi pleti, ile sahani inayobanwa juu ya filta na kuitoa oili kwenda kwenye kula, upande oili inapotoka kwenye injini kabla haijaenda kupozwa. Namba mbaya ndiyo ninayoitaka.

Mwezi mzima sikununua chochote, naandika tu kwenye simu. Mjini, foleni ya Thika Road, 92 mpaka 96. Kupanda kwenda Limuru, kama hakuna lori mbele, 101. Kazi ya kila siku gari ilikuwa sawa kabisa, na hapa niseme wazi, kama gari yako inaenda kazini na kanisani au msikitini na Jumamosi nyama choma Kiserian, hiyo pesa ya kula ya oili weka kwenye matairi. STI kutoka kiwandani tayari ina kula ndogo ya maji, imekaa kati ya bloku na filta, maji ya injini yanapita ndani yake, na ile kazi yake ni nzuri zaidi ya watu wanavyoiheshimu kwa sababu asubuhi maji yanapata moto haraka na yanaipasha oili, halafu ikizidi moto yanaipunguza. Wengi wanaitoa wakiweka ya upepo. Mimi nimeiacha.

Shida ilikuwa trek. Raundi ya tano 118. Raundi ya nane 128 na bado mshale unapanda, na presha kwenye rpm 3,000 imeshuka mpaka nikaona aibu. Nikatoa mguu nikaingia pembeni. Trek fupi ina ubaya wake ambao hauuoni kwenye barabara kuu: uko gia ya pili na ya tatu muda wote, injini inalia juu kabisa, lakini mwendo wenyewe ni mdogo kwa hiyo upepo unaoingia kwenye bampa ni mdogo pia.

Kwa nini 128 ninaiogopa na 101 siiogopi? Oili yenye namba 40, kwa vipimo vya SAE, ikiwa digrii 100 unene wake unatakiwa kuwa kati ya sentistoki 12.5 na 16.3, na ya 30 ni kati ya 9.3 na 12.5. Ikipanda kufika 130 unene unashuka karibu nusu. Kwa hiyo ile 5W-40 uliyonunua kwa bei ya mbuzi, kwenye raundi ya nane imeshakuwa nyembamba kama ile ya 20 kwenye gari la mwenzako ikiwa digrii 100. Na kuna mambo ya kuungua, kila digrii kumi ukizidisha oili inachakaa karibu mara mbili haraka zaidi, si hesabu ya maabara lakini ndiyo mafundi wengi wanaotembea nayo. Watengenezaji wenyewe wanajua. Nissan 370Z zilipotoka zilikuwa maarufu kwa hili, unaipeleka trek, oili inafika karibu 138, kompyuta inakata nguvu ili injini isife, unabaki unasukumwa na upepo tu, na baadaye Nissan wakaanza kuzitoa nyingine na kula tayari. Na Porsche 911 za zamani, zile za kupozwa kwa upepo zilizoisha 1998, kwao oili ndiyo ilikuwa nusu ya mfumo wa kupoza, kula yenyewe imekaa mbele upande wa kulia ndani ya fenda wakati injini iko nyuma kabisa, oili inasafiri gari zima kwenda kupigwa upepo na kurudi.

Kuhusu lile jibu la oili nzito: nilijaribu, sikatai. Nilitoka 5W-30 nikaenda 5W-40, presha ikawa nzuri zaidi, joto likabaki lilelile au likazidi kidogo. Oili nzito inakununulia raundi mbili tatu. Joto lenyewe haijalitoa, limebaki mle ndani.

Basi, sasa nimepima homa na mgonjwa ana homa. Nahitaji kushusha digrii kama ishirini hivi, trek peke yake, na nisiharibu maisha ya mjini. Hiyo sentensi moja ikafuta nusu ya majibu ya grupu.

Kwanza saizi. Kula kubwa si kula bora, na Nairobi ndiyo mahali pa kuliona hilo. Julai asubuhi hapa tuko kwenye digrii kumi na moja, kumi na mbili. Ukiweka safu 34 bila themostati utaendesha kutoka Ruaka mpaka Upper Hill na oili haijafika 70. Oili ya baridi ni nzito, inaila nguvu ya injini, na lile unyevu na petroli inayochuruzika kwenye kuta za silinda haiwezi kuvukizwa, inakaa humohumo, ukifungua kifuniko cha oili unakuta ute wa rangi ya chai ya maziwa na unaanza kumtukana fundi wa gaskiti bure. Oili inataka ifike 90 na kitu kila safari, na isizidi sana 115. Ndiyo hivyo.

Lakini upande wa pili kuna mwinuko. Jamaa wa Ulaya akikwambia safu 13 zinamtosha yeye yuko karibu na usawa wa bahari. Athi River tuko juu ya mita 1,500, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15, na hewa ndiyo inayobeba joto kutoka kwenye kula, hewa kidogo, joto kidogo linaondoka. Tena turbo nayo inahangaika zaidi kuikusanya hewa hiyohiyo. Kwa hiyo nikaongeza saizi juu ya wanayopendekeza wao. Nikasimama kwenye safu 19, upana ule wa milimita 235. Ningekuwa naishi Nyali na trek iko Nyali ningefikiria tofauti, kule hewa ni nzito lakini ina digrii 32, mambo yanakaribia kulingana.

Aina nayo. Kuna za bomba na mapezi, rahisi, nyepesi kutengeneza, zinafaa gia boksi au pikapu ya kuvuta trela. Kuna za sahani zilizopangwa, ndizo wanazotengeneza Setrab wa Sweden na Mocal wa Uingereza, ndani oili inakorogwa ili yote iguse ukuta, na bado njia ni pana haibani presha. Hapo kwenye presha ndipo kula za bei poa zinapokuangusha, kwa nje zinafanana kabisa, ukizipiga picha huwezi kutofautisha, ila ndani njia zimeminywa na pampu yako inasukuma ukuta. Bila geji ya presha kabla na baada hutajua.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Kula mpya ya jina, na usafiri, na ushuru, ilikuwa inanishtua. Nikapata moja kwenye duka la spea za Japani, duka silitaji, imetumika, Setrab halisi, safu 19, mapezi yamenyooka, shilingi 14,000. Muuzaji akaniapia imetoka kwenye gari la onyesho. Nikalipa M-Pesa pale pale kabla hajabadilisha mawazo, na nilijiona mjanja sana siku hiyo, hata nilipiga picha nikaitupa grupu. Jioni nikaiosha kwa petroli nyumbani, natingisha, namwaga, natingisha, namwaga, mara ya sita petroli ikatoka safi unaweza kuona vidole upande wa pili wa chupa. Asubuhi nikaipeleka gereji.

Mzee akaipokea, akaigeuza, akainusa, akaiweka chini. Akasema haifungi. Nikamwambia nimeiosha. Akasema amesikia. Nikamwambia mzee, shilingi 14,000 hizo. Akasema, "Mwanangu, gari la onyesho huuzwa zima. Kilichouzwa vipande kilikufa. Wewe jiulize kilikufa na nini."

Nikakasirika, sitaki kusema uongo, nilinuna kabisa nikaenda kunywa chai kibanda cha nje. Nikarudi nikakuta ananisubiri na grinda mkononi, hajaigusa, anataka ruhusa. Tukakata. Ile kelele, zile cheche, pesa yangu inaimba. Alipoifungua kama kitabu akaisogeza kwenye jua bila kusema neno. Kule kwenye kona za zile sahani, kwenye vijikorogeo vya ndani ambako petroli yangu ilipita juu juu tu, kulikuwa na vumbi linalong'aa, rangi ya shaba. Beringi. Injini ya mtu kule Japani ilinoki, beringi zikasagika, oili ikabeba unga ikaenda kuuacha mle ndani, na kula imekaa kwenye rafu, imevuka bahari, inasubiri injini nyingine. Ningeifunga, oili ya moto ingeupasha ule uchafu na kuuregeza, kidogo kidogo ungerudi. Watu wanaosema filta ingeukamata wanasahau kwamba kwa sandwichi pleti nyingi filta inapitiwa baada ya kula, sawa, lakini filta ikizidiwa au oili ikiwa baridi na nzito ile vali ya pembeni inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, na asubuhi ya Julai hilo linatokea kila siku.

Kipande kimoja bado ninacho kwenye droo. Tangu hapo msimamo wangu haubadiliki: kula ya mtumba hapana, hata ukipewa bure. Na kama injini yako mwenyewe imenoki ukaifufua, kula yake itupe, usiioshe.

Nikasubiri mshahara miezi miwili nikaagiza mpya.

Vilivyobaki ni vitu vidogo ambavyo ndivyo vinavyoua. Sandwichi pleti iwe na themostati ndani, nyingi zinafunguka kati ya 80 na 95, na nzuri zinapitisha oili kidogo hata zikiwa zimefungwa ili kula isibaki baridi kabisa halafu ghafla imwagiwe oili ya moto. Nyuzi za filta ya Subaru ni M20 kwa 1.5, hakikisha, kuna mtu aliagiza yenye nyuzi nyingine akailazimisha, hadithi yake ni fupi. Hosi nimetumia AN-10, ile namba maana yake ni sehemu za kumi na sita za inchi, kipimo cha nje cha bomba gumu linaloendana nayo, kwa hiyo kumi ni kama milimita 16 nje, ndani ya hosi ni kama 14, ukienda AN-8 kwa gari ya turbo yenye kazi unaanza kubana tena presha uliyokuwa unailinda.

Filta imekuwa kesi yake. Ukishaweka kula ya kiwandani, halafu sandwichi, halafu filta, ule mnara unashuka chini, na matuta ya mtaani kwetu yamejengwa na mtu anayechukia magari. Nimeweka filta fupi. Bado nikivuka tuta moja pale karibu na shule napita mshazari kama kaa.

Mahali pa kuiweka nilibishana na mzee wiki nzima. Mimi nilitaka mbele ya redieta katikati kwa sababu kwenye STI intakula, ile redieta ya kupoza hewa ya turbo, iko juu ya injini chini ya ule mdomo wa boneti, kwa hiyo mbele pako wazi na kula inaonekana vizuri kwenye picha. Yeye akasema ukiiweka pale utakuwa umechukua joto la oili ukalipulizia kondensa ya AC na redieta ya maji. Alishinda. Iko nyuma ya nafasi ya foglaiti kushoto, milango yake imeangalia juu ili hewa isinaswe ndani, na tumetengeneza mfereji wa bati kutoka kwenye bampa. Nilidhani kazi imeisha, nikaenda kujaribu, 122. Nikaanza kulaumu kula. Mzee akalala chini ya gari akacheka. Upepo unaingia lakini hauna pa kutokea, plastiki ya ndani ya fenda imeuziba wote. Tukatoboa matundu nyuma yake, tukaweka wavu mbele kwa ajili ya mawe ya malori, na namba ikashuka. Tundu la kutokea lilifanya kazi kubwa kuliko safu sita za ziada ambazo ningezinunua.

Hosi tumezifunga mbali na kila kitu chenye ncha, kwa sababu ile ya waya inasugua kama msasa, inakula paipu ya AC kwanza halafu inajila yenyewe, na hosi ikipasuka oili yote inaisha kabla hujashusha gia. Siku ya kuwasha tulitoa fyuzi ya pampu ya petroli, tukazungusha stata mpaka geji ya presha ikaamka, ndipo tukairudisha. Imekunywa karibu lita moja zaidi. Pima tena stiki baada ya kuzima, watu wanasahau hapo.

Trek ya mwisho, raundi kumi mfululizo, mchana, 109 na ikasimama hapo. Mjini, 90. Mwezi uliopita nikashuka nayo Mombasa, kilomita 480 hivi, naiangalia geji kama mtu anayeangalia mtoto mchanga: Mtito 94, Voi 96, Mariakani jua limewaka na malori yamejaa, 97. Nimefika nyumbani saa kumi, mamangu ametoka mlangoni na leso mabegani, akainama akachungulia kwenye bampa ule wavu.

"Hiki ndicho hicho kikula chako?"

"Ndicho, mama."

"Na chenyewe kimekula shilingi ngapi?"

Nikamwambia niingie kwanza ninawe mikono, safari ilikuwa ndefu.